KUENDESHA MAKONTENA YA LINUX KATIKA SEVA YA KUKODI, NA KUHIFADHI NAKALA ZAKE
Maelezo kwa Afisi, Skuli na Vyama

Maelezo haya yanatolewa kwa watumishi wa afisi za umma, walimu wa skuli na viongozi wa vyama vya ushirika waliokabidhiwa dhamana ya kuangalia kompyuta zinazotunza kumbukumbu za wananchi. Yanahusu utaratibu ambao sasa umeenea: afisi hukodi seva iliyo katika jumba la kampuni, mara nyingi ng'ambo, na ndani ya seva hiyo huendesha programu zake katika vyumba vidogo viitwavyo makontena. Faida za utaratibu huu ni nyingi, na zitaelezwa. Hatari yake iko katika wepesi wake. Jambo linalofanyika kwa dakika mbili humsahaulisha mtunzaji kuuliza kumbukumbu zitabaki wapi siku seva hiyo itakapotoweka.

Siku hiyo imekwisha kuwafikia wengi. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, majira ya saa 6:47, moto ulizuka katika jumba la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Jumba la orofa tano lililojulikana kwa jina la SBG2 liliteketea, na sehemu ya jumba la jirani ikaungua pia. Kwa rehema hakuna mtu aliyeumia. Asubuhi yake, hata hivyo, tovuti nyingi za Ulaya zilikuwa kimya, ikiwemo ile ambayo Serikali ya Ufaransa huitumia kutangazia takwimu zake. Kampuni ya mchezo wa kompyuta uitwao Rust ilitangaza kuwa seva zake 25 zimeangamia na vilivyokuwamo havitarejea.

Wako wateja waliokuwa wamelipia huduma ya kuhifadhiwa nakala, na wakajiona wamo katika salama. Baadhi yao waligundua kwamba nakala zao zilikuwa pale pale Strasbourg. Mmoja wao, kampuni ya France Bati Courtage, alikwenda mahakamani, na mwezi Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamua kuwa kampuni ya kukodisha ilikiuka mkataba kwa kuiweka nakala mahali pamoja na seva yenyewe. Fidia iliamriwa. Kumbukumbu hazikurudi kwa amri ya mahakama.

Wala asidhani mtu kwamba masaibu haya huwapata wafanyabiashara tu. Tarehe 26 Septemba 2025 betri zilishika moto katika kituo cha taifa cha kompyuta mjini Daejeon, Korea ya Kusini, na mifumo ya Serikali zaidi ya 600 ikasimama. Mingi ilirejeshwa, kwa kuwa ilikuwa na nakala mahali pengine. Ghala la mafaili ya watumishi wa Serikali, lililoitwa G-Drive, halikurejeshwa. Lilikuwa na terabaiti 858 za kazi za watumishi, na halikuwa na nakala ya nje; sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno. Nchi hiyo ni miongoni mwa zilizotangulia duniani katika mambo ya kompyuta, na kwa hivyo hapana afisi hapa inayoweza kusema kuwa jambo hili liko mbali nayo.

Kontena ni kitu gani

Wasomaji wanaolijua gati la Malindi hawatapata tabu kuielewa maana. Meli moja hubeba makontena mengi ya wenye mali mbalimbali. Kila kontena lina kufuli lake na hati yake, na huweza kuhamishiwa meli nyingine bila ya kufunguliwa. Kontena la Linux ni hivyo hivyo: ni eneo lililotengwa ndani ya kompyuta moja, lenye mafaili yake, watumiaji wake, programu zake na anwani yake ya mtandao. Programu iliyomo ndani hujiona kuwa ina kompyuta nzima peke yake, na haiwaoni majirani.

Kutengwa huku hufanywa na kiini cha mfumo, ambacho mafundi hukiita kerneli. Kerneli ya Linux inazo nyenzo mbili kwa kazi hiyo. Ya kwanza huiwekea programu mipaka ya kile inachoweza kukiona, yaani mafaili, mtandao na programu nyingine. Ya pili huiwekea mipaka ya kile inachoweza kukitumia, yaani memori, prosesa na diski. Nyenzo hii ya pili ilianzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingizwa katika kerneli rasmi mwezi Januari 2008. Mwaka huo huo ikatokea programu ya LXC, ya kwanza kuziunganisha nyenzo hizo mbili bila ya kuifanyia kerneli marekebisho ya pembeni.

Hapana budi kueleza tofauti baina ya kontena na kompyuta ya kuigiza. Kompyuta ya kuigiza huwa na kerneli yake yenyewe, na hutengewa memori yake iwe inaitumia au haitumii. Makontena yote hutumia kerneli moja ya seva mwenyeji. Kwa hivyo huanza kazi kwa sekunde chache na hula kidogo. Seva ya kukodi yenye memori ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 80, ambayo ni ya wastani, itachoka kwa kompyuta tatu za kuigiza, lakini itabeba makontena sita au saba ya kazi ndogo ndogo bila ya kulalamika. Isitoshe, seva nyingi za kukodi zenyewe ni kompyuta za kuigiza, na wenye nazo mara nyingi hawaruhusu kuendesha nyingine ndani yake. Makontena hayahitaji ruhusa hiyo.

Kwa upande mwingine, kerneli moja ni mlango mmoja. Ufa ukionekana katika kerneli, makontena yote yamo hatarini kwa pamoja, na kerneli ikianguka yote yanaanguka nayo. Kwa sababu hiyo seva mwenyeji isasishwe mara kwa mara, na ukurasa huu haushauri kuweka katika seva moja kumbukumbu za siri pamoja na programu za majaribio zilizookotwa huku na huku.

Kwa nini kukodi

Yapo maafisi yanayouliza kwa nini seva isikae katika kabati chini ya ngazi, kama ilivyokuwa zamani. Jibu wakaazi wa Unguja wanalo wenyewe. Mwezi Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme uletwao kutoka Tanzania Bara kwa waya wa baharini ulikatika kwa wiki nyingi mfululizo. Seva ya afisini kipindi hicho ilikuwa sanduku la chuma tu. Jumba la kukodisha lina umeme wa pande mbili, jenereta, vipoza joto na walinzi, na gharama yake hugawanywa baina ya maelfu ya wateja.

Hata hivyo seva ya ng'ambo nayo inategemea waya mwingine wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na Seacom, ilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Msumbiji, Komoro na kwengineko. Seva zilizokodiwa Ulaya zilikuwa hai na salama. Waliokosekana ni wenyewe. Hapa ndipo nakala iliyoko kisiwani inapopata thamani ya pili: mbali ya kuokoa kumbukumbu baada ya maafa, huiwezesha afisi kusoma majalada yake wakati njia ya nje imefungwa.

Kabla ya kukodi, mkuu wa afisi ahakikishe pia kuwa anaruhusiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Suala hilo liulizwe kwa wanasheria mapema, na jibu liwekwe katika jalada.

Kuweka makontena

Zipo programu kadhaa za kuendeshea makontena. Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, ndiyo inayojulikana zaidi; kontena lake kwa kawaida huwa la programu moja, na limekusudiwa kutupwa na kuundwa upya wakati wowote. Programu ya LXD ilianza mwaka 2014 kwa mtazamo mwingine: kontena liwe kama kompyuta kamili, lenye kuishi miaka. Mwaka 2023 kampuni ya Canonical iliiondoa LXD katika mradi wa pamoja na kuichukua chini ya usimamizi wake, na wanajumuiya wakaanzisha tawi lao kwa jina la Incus. Toleo la Incus 6.0, la mwezi Aprili 2024, limeahidiwa matunzo hadi mwaka 2029. Kwa afisi yenye mtumishi mmoja wa kompyuta, mfumo wa namna hii ni mwepesi zaidi kuuelewa, na ndio utakaotumiwa katika mifano ifuatayo. Mfumo wa Debian 13, uliotolewa Agosti 2025, unayo Incus katika ghala lake la programu.

Baada ya kuingia katika seva iliyokodiwa, amri za kuanzia ni hizi:

apt install incus
incus admin init

Amri ya pili huuliza maswali. Swali la kuzingatia ni lile la namna ya kuhifadhi. Mtu akichagua saraka ya kawaida, mambo yatakwenda, lakini kila picha ya hali ya kontena itakuwa ni kunakili faili moja moja, kazi ya polepole inayokula diski. Akichagua ZFS au Btrfs, picha hiyo huchukuliwa kwa muda wa kupepesa jicho, kwa sababu mifumo hiyo haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Huandika pembeni, na ya zamani huyaacha yalivyo mpaka yasipohitajika tena.

Kontena huundwa na kuwekewa mpaka kwa amri kama hizi, ambapo "masjala" ni jina lililochaguliwa na afisi:

incus launch images:debian/13 masjala
incus config set masjala limits.memory=1GiB

Mpaka wa memori usiachwe. Bila ya mpaka, programu moja iliyopatwa na wazimu huweza kula memori yote na kuyanyonga makontena ya jirani. Aidha, makontena yaachwe katika hali yake ya kawaida isiyo na madaraka, ambapo msimamizi wa ndani ya kontena, akitokeza nje, hutambuliwa na seva kama mtumiaji wa chini asiye na haki yoyote. Zipo taarifa mitandaoni zinazoshauri kuwasha madaraka kamili ili tatizo fulani dogo liondoke. Ushauri huo ni sawa na kuvunja ukuta kwa sababu mlango unakwama.

Ni vyema kila kazi ikawa na kontena lake: hifadhidata katika moja, tovuti katika jengine, barua katika la tatu. Likiharibika moja, hurudishwa hilo tu.

Picha ya papo si nakala ya akiba

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na msomaji anaombwa asome kwa utulivu.

Incus huweza kuchukua picha ya papo ya kontena, yaani kuyakumbuka mafaili yote kama yalivyokuwa dakika ile. Amri yake ni nyepesi, na ya kurudisha pia:

incus snapshot create masjala kabla-ya-sasisho
incus snapshot restore masjala kabla-ya-sasisho

Picha hizi huweza hata kujichukua zenyewe kila siku na kujifuta baada ya juma moja, kwa kuweka snapshots.schedule kuwa @daily na snapshots.expiry kuwa 7d. Zina manufaa makubwa. Karani akifuta daftari kwa bahati mbaya, au sasisho likaivuruga programu, afisi hurudi nyuma kwa sekunde chache. Lakini picha inakaa katika diski ile ile yenye kontena lenyewe. Diski ikifa, zinakufa pamoja. Mfano wake ni mtu aliyeiweka hati ya nyumba na nakala ya hati hiyo katika mtoto mmoja wa kabati.

Huduma ya picha inayouzwa na kampuni ya kukodisha ni hatua moja mbele, lakini yategemea picha hizo zinakaa wapi. Swali hilo lapaswa kuulizwa kwa maandishi, na jibu lisiwe "katika wingu". Wingu ni jumba, na jumba lina anwani. Wateja wa Strasbourg waliijua anwani hiyo baada ya moto.

Nakala ya akiba ni ile iliyotoka nje ya seva, nje ya jumba, na ikiwezekana nje ya mikono ya kampuni ile ile. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyeandika juu ya utunzaji wa picha za kompyuta, aliliweka jambo hili katika hesabu ambayo mafundi wameishika hadi leo: nakala 3, katika vyombo vya namna 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Kwa afisi ya kisiwani hesabu hiyo inatimia kwa urahisi. Ya kwanza ni kontena lenyewe, ya pili iko kwa mkodishaji mwengine katika mji mwengine, na ya tatu katika diski ya nje iliyofungiwa afisini.

Kutoa kontena zima nje kama faili moja, na kulirudisha katika seva nyingine, hufanywa hivi:

incus export masjala /var/akiba/masjala.tar.gz
incus import masjala.tar.gz

Faili hilo lina mafaili ya kontena pamoja na maelezo ya usanidi wake. Halina kila kitu, na jambo hili limewaliza watu. Ikiwa kontena limeunganishwa na ghala la ziada lililoundwa mbali nalo, kwa mfano ghala la nyaraka zilizopigwa skani, yaliyomo humo hayatoki kwa amri ile. Ghala hilo lina amri yake yenyewe:

incus storage volume export default nyaraka nyaraka.tar.gz

Watumiaji wa Docker wana mtego wa namna hiyo hiyo: amri ya docker export huyaacha maghala nje, ilhali kumbukumbu zote za maana zimo humo. Atakayelirudisha kontena hilo atalikuta zima, safi, na tupu. Hali kadhalika, maelezo ya seva mwenyeji, kama vile mitandao na mabwawa ya hifadhi, yachapwe kwa amri ya incus admin init --dump na yawekwe pamoja na nakala nyingine. Ni karatasi moja au mbili tu, lakini huokoa siku nzima ya kukumbuka.

Kuhusu hifadhidata kuna angalizo jengine. Picha iliyochukuliwa hifadhidata ikiwa kazini ni sawa na hali ya kompyuta iliyokatikiwa umeme ghafla. Hifadhidata nzuri kama PostgreSQL imeundwa iweze kuinuka baada ya hali hiyo, kwa kuisoma tena shajara ya kazi zake. Hata hivyo ni bora kutotegemea muujiza huo kila usiku. Kabla ya kutoa kontena, hifadhidata iamrishwe iandike yaliyomo katika faili lake. Kwa PostgreSQL ni pg_dump, na kwa MySQL na MariaDB ni mysqldump pamoja na kielekezi --single-transaction, ambacho kwa majedwali ya InnoDB hutoa nakala yenye mwafaka bila ya kuwasimamisha makarani. Faili hilo lina fadhila nyingine: litasomeka hata katika toleo jipya la hifadhidata, au katika kompyuta isiyo na makontena kabisa.

Sasa suala la ukubwa, ambalo ndilo lililotajwa kuwa udhuru kule Daejeon. Kontena la gigabaiti 40, likivutwa kisiwani kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde, litachukua karibu saa 9. Hapana afisi itakayovumilia hivyo kila usiku, na baada ya mwezi mmoja zoezi litaachwa kimya kimya. Dawa yake ni programu kama restic au Borg, zinazoyakata mafaili vipande na kupeleka vile tu ambavyo havijapata kupelekwa. Ikiwa mabadiliko ya siku nzima ni megabaiti 200, safari hiyo hiyo huwa ya chini ya dakika 3. Hapa lakini pana jambo dogo ambalo wengi hawalijui: faili likishafinywa, badiliko la herufi moja mwanzoni huweza kubadilisha sura ya sehemu yote iliyobaki, na restic itadhani kila kitu ni kipya. Kwa hivyo kontena litolewe bila ya kufinywa, kwa kuongeza --compression none, na kazi ya kufinya iachiwe restic yenyewe.

Nakala za zamani zisirundikwe ovyo wala zisifutwe kwa pupa. Utaratibu wa kubakisha za siku 7, za majuma 5 na za miezi 12 unatosha kwa kumbukumbu nyingi:

restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 12 --prune

Zile za miezi zina sababu. Si kila kosa hugunduliwa kesho yake. Daftari lililoharibiwa mwezi wa Januari huenda likatazamwa wakati wa ukaguzi mwezi wa Juni.

Adui aliye ndani, na nakala isiyojaribiwa

Moto sio adui pekee. Mwezi Juni 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikihifadhi kazi za waandishi wa programu, ilivamiwa na mtu aliyeupata mlango wa usimamizi wa akaunti yake ya seva za kukodi. Alidai fedha. Wenyewe walipojaribu kumtoa, alifuta seva, picha zake, na nakala za akiba, kwa kuwa zote zilikuwa chini ya akaunti moja. Kampuni ilifunga biashara.

Funzo la kiufundi hapa ni bayana: seva isiwe na uwezo wa kufuta nakala zake yenyewe. Njia rahisi ni kuigeuza safari. Badala ya seva kupeleka, kompyuta ya afisini ndiyo iende ikachukue, ikiwa na ufunguo wa kusoma tu. Mvamizi wa seva hatakuta humo njia ya kuifikia afisi. Njia nyingine ni kutumia seva ya restic iliyowashwa kwa --append-only, inayopokea vipande vipya na kukataa kufuta vya zamani. Katika hali hiyo amri ya kupunguza nakala iliyotajwa juu huendeshwa na msimamizi mwenyewe kutoka kompyuta nyingine.

Tukio la GitLab la tarehe 31 Januari 2017 linafundisha upande mwengine. Mtumishi aliyechoka, akifanya kazi usiku, alifuta saraka ya hifadhidata katika seva kuu akidhani yuko katika seva ya pili. Alisita baada ya sekunde chache. Katika takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Ndipo walipozigeukia nakala. Za kila siku hazikuwapo, kwa sababu pg_dump iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na ilikuwa ikishindwa kila siku. Barua za kutoa tahadhari zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani na hazikumfikia mtu. Walichookolewa nacho ni picha ambayo mtumishi yule yule alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Inapasa kuwasifu kwa jambo moja: walieleza yote hadharani, na ndiyo maana leo wengine wanaweza kujifunza.

Kwa hiyo nakala isihesabiwe kuwa ipo mpaka iwe imerudishwa. Kila robo mwaka, msimamizi akodi seva ndogo kwa saa chache, alete humo nakala ya karibuni, aamuru incus import, awashe kontena, kisha amwite karani mhusika alitafute jalada analolijua. Uamuzi uwe wa karani na wala usiwe wa fundi, kwani fundi hutazama kama programu imewaka, na karani hutazama kama jina la Bibi Asha bado limo katika ukurasa wake. Muda uliotumika uandikwe. Kama kurudisha kulichukua saa 5, basi mkuu wa afisi ajue kuwa siku ya maafa wananchi watasubiri si chini ya saa 5, na aamue kama hilo linavumilika.

Vile vile isingojewe barua ya kushindwa. Barua ya kushindwa huweza kupotea, kama ilivyoonekana. Iwepo taarifa ya kila asubuhi inayosema nakala ya usiku imefanyika na ukubwa wake ni kadhaa. Siku isipofika, ndiyo siku ya kuuliza.

Mwisho ni neno la siri na jina la mwenye akaunti. Nakala za restic zimefumbwa kwa siri tokea mwanzo, na neno lake likipotea hapana fundi wala kampuni itakayoweza kuzifungua. Liandikwe kwa kalamu, liwekwe katika bahasha iliyopigwa lakiri, na bahasha ikae katika sefu ya afisi pamoja na hati nyingine za thamani. Bahasha ya pili ikae katika jengo jengine. Akaunti ya kukodi nayo ifunguliwe kwa anwani ya barua ya afisi, si ya mtumishi binafsi, na ilipwe kutoka fungu la afisi. Mtumishi huhama, hustaafu, au kadi yake ya benki humaliza muda. Kampuni ya kukodisha hutuma ukumbusho kwa anwani isiyosomwa na mtu, husubiri siku zilizotajwa katika mkataba, kisha huifuta diski na kumkodisha mwengine. Wakuu wa afisi wanaombwa kuangalia leo akaunti zao ziko kwa jina la nani, na tarehe ya malipo yafuatayo ni lini.